Anayetaka Kusoma Wanyama Aanzie Sokoni

Mimi leo nazungumza nikiwa Umm Salal, kaskazini ya jiji la Doha, nchini Qatar. Mkisikia mngurumo nyuma yangu, hicho ni kiyoyozi. Nikikizima, mazungumzo haya hayatafika mwisho.

Mada ya leo imeletwa na msikilizaji. Mama mmoja wa Kilifi amenitumia ujumbe wa sauti. Ana binti yuko kidato cha nne, na binti huyo amesema akimaliza shule anataka kuwa mtafiti wa wanyamapori. Hataki udaktari, hataki uhasibu, hataki ualimu. Baba mtu amenuna. Mama anauliza hivi: hiyo ni kazi, au ni matembezi? Na kama ni kazi, mtu anaiingiaje?

Mama, ahsante. Swali lako nimekaa nalo siku kadhaa, na jibu langu ni kwamba ni kazi, tena ni kazi ya kuchosha. Namna ya kuiingia ndiyo itakayokula muda wetu wa leo.

Tatizo la kwanza ni picha tuliyo nayo kichwani. Ukisema mtafiti wa wanyama, wengi wetu tunamwona mtu wa kofia pana, gari la wazi, darubini shingoni, simba amelala mbele yake. Picha hiyo imeletwa na televisheni, na ina kosa moja kubwa. Inatuonyesha mtafiti na mnyama peke yao, kama vile hakuna binadamu mwingine aliyewahi kupita hapo. Mimi leo nitawapeleka mahali penye watu wengi, penye kelele na harufu. Nitawapeleka soko la samaki.

Umm Salal, kwa msioijua, ni makazi ya zamani ambayo sasa yamezungukwa na barabara kuu. Hapa ipo minara ya Barzan, majengo ya mawe yaliyokuwa ya ulinzi, ambako walinzi walipanda kuangalia bahari na majahazi ya wapiga mbizi wa lulu. Siku hizi watu wengi wakitaja Umm Salal wanakusudia soko kuu: mboga upande huu, nyama upande ule, na samaki. Ukiingia upande wa samaki utadhani uko nyumbani. Chewa yupo, hapa wanamwita hamour. Changu yupo, tasi yupo, nguru yupo. Wauzaji wengi ni watu wa Bangladesh, India na Misri, na bei zinatajwa kwa Kiarabu kilichochanganyika na lugha tano nyingine.

Sasa tusimame kwenye meza moja yenye samaki. Tuseme pana papa mdogo, urefu wa mkono. Mnunuzi anaona kitoweo. Mtafiti anaona nini? Anamwangalia kwanza pua: imechongoka au ni butu? Anainua mdomo kuangalia meno, maana meno ya juu na ya chini mara nyingi hayafanani. Anapitisha kidole mgongoni, kati ya pezi kubwa na pezi dogo la nyuma, kusikia kama kuna mkunjo wa ngozi ulioinuka; baadhi ya papa wanao, wengine hawana. Anamgeuza tumbo. Dume ana viungo viwili vya uzazi kama vidole, nyuma ya mapezi ya tumbo. Vikiwa laini, huyo bado mtoto. Vikiwa vigumu, amebaleghe. Anaweka rula, anapiga picha. Akiwa na kibali, anakata kipande cha nyama kidogo kuliko ukucha na kukitia kwenye kichupa chenye spiriti, kikapimwe vinasaba maabara. Kisha anauliza lile swali ambalo maabara haiwezi kulijibu: huyu amevuliwa wapi, na kwa nyavu gani?

Hayo yote ni dakika tatu, na muuzaji amesimama hapo anauliza unanunua au hununui.

Mtaniuliza: papa naye ni mnyamapori? Bila shaka. Hafugwi, halishwi na mtu, hana mwenyewe. Tofauti yake na simba ni kwamba simba amewekewa hifadhi na geti la kulipia, naye papa anauzwa kwa kilo.

Na huko sokoni yametokea mambo. Nianze na Kuwait, jirani zetu wa kaskazini. Mwaka 1902 msafiri mmoja kutoka Austria alichukua papa mmoja huko Yemen. Papa yule akahifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Vienna. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja akamchunguza, akaona ni aina ya peke yake, akampa jina la kisayansi. Aina nzima ya mnyama, na kielelezo chake kimoja tu duniani, ndani ya chupa! Hakuonekana mwingine zaidi ya miaka mia. Kisha mwaka 2008 mtafiti wa Kiingereza, Alec Moore, akiwa anapitia samaki kwenye soko la Kuwait, akamwona. Amelala mezani pamoja na wenzake, anauzwa. Wavuvi wa Kuwait walikuwa wakimvua siku zote. Waliokuwa hawamjui ni wenye vitabu.

Nalirudia hilo, kwa sababu ndilo shina la mazungumzo ya leo. Mnyama hakuwa amepotea. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mezani akauliza.

Mfano wa pili, Falme za Kiarabu. Yuko mwanasayansi mwenye asili ya Lebanon, Rima Jabado. Alikuja kuwa mwenyekiti wa jopo la wataalamu wa papa na taa la shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, yaani watu wanaokaa wakaamua papa gani yuko hatarini na yupi bado ana nafuu. Alianzaje? Alipotaka kufanya shahada ya uzamivu kuhusu papa wa Ghuba, takwimu za kuanzia hazikuwepo. Basi akaenda kwenye bandari ndogo za wavuvi na kwenye soko la samaki la Dubai. Kwa karibu miaka miwili alikuwa akirudi huko kupima, kuhesabu, kupiga picha na kuhoji wavuvi. Mwanamke peke yake kwenye mnada wa wanaume, kabla jua halijakuwa kali, anageuza papa mmoja mmoja. Soko la Dubai wakati ule lilikuwa pia likipokea papa kwa malori kutoka Oman, na mapezi yakisafirishwa kwenda Asia ya Mashariki. Kwa hiyo alipokuwa akihesabu samaki, alikuwa pia anaiona biashara yote, mwanzo wake na mwisho wake.

Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2017, ilitoka tathmini kubwa ya papa na taa wa Bahari ya Arabuni na maji yanayoizunguka, naye akiwa kiongozi wake. Zaidi ya nusu ya aina zilizotathminiwa zimo hatarini. Hesabu ya namna hiyo haipatikani kwa mtu kukaa ofisini Geneva. Sehemu yake imetoka mezani, pale pale penye barafu iliyoyeyuka.

Mama wa Kilifi, najua unachofikiri. Hao ni watu wa mbali. Je, kwetu?

Kwetu nakupeleka Unguja, kusini, Ghuba ya Menai na kijiji cha Kizimkazi. Watalii wanakwenda kuangalia pomboo. Utalii huo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini kabla ya hapo wavuvi wa huko walikuwa wakiwawinda pomboo wale wale, na nyama yao ikitumika kuwa chambo cha kuvulia papa. Na hata uwindaji ulipokoma, pomboo waliendelea kufa, kwa sababu wananasa kwenye nyavu za jarife. Mvuvi hamtaki pomboo. Pomboo akinasa anachana nyavu, na nyavu ni mtaji.

Hapo ndipo alipoingia Mzanzibari, Omar Ali Amir, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake, akiwemo Dkt. Narriman Jiddawi, mwanasayansi anayejulikana sana na wavuvi na akina mama wa pwani ile, walianza kwa kuwauliza wavuvi: pomboo wangapi wananasa, wapi, msimu gani, nyavu za aina gani? Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2002. Kisha wakaenda hatua nyingine. Pomboo aliyekufa kwenye nyavu, badala ya kutupwa, wakaomba aletwe.

Ukipata pomboo aliyekufa unafanya nini? Unamfungua tumbo. Samaki aliyeliwa anayeyuka, nyama inakwisha, lakini kuna vitu viwili haviyeyuki upesi. Kimoja ni kijiwe kidogo kilicho ndani ya kichwa cha samaki, kinachomsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Kila aina ya samaki ina kijiwe chake, chenye umbo lake. Kingine ni mdomo mgumu wa ngisi, unaofanana na wa kasuku. Unachuja tumbo la pomboo kwa chekeche, unakusanya vijiwe na midomo, unakaa na hadubini, unavilinganisha kimoja kimoja. Walichambua matumbo 26, wakakuta mabaki ya aina takriban hamsini za samaki, na ngisi wa aina tatu. Hivyo ndivyo tulivyojua pomboo wa Unguja anakula nini. Hakuna aliyepiga mbizi akamfuata na sahani.

Na kazi hiyo ilimfikisha wapi Omar Amir? Ilimfikisha Chuo Kikuu cha Stockholm, Sweden, ambako mwaka 2010 alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti wa pomboo hao hao wa kwao. Stockholm walimpa usimamizi na cheti. Pomboo walitoka Unguja.

Kwa mliojiunga nasi sasa hivi, tunazungumzia namna mtu anavyoingia kazi ya utafiti wa wanyama, na ninachosema ni kwamba mlango wa kwanza uko kwa watu wanaomwona mnyama kila siku: mvuvi, mchuuzi, mlinzi, fundi wa mitambo. Ndiyo, fundi wa mitambo. Nisikilizeni.

Kwenye bahari ya hapa Qatar, mbali na pwani, kuna eneo la visima vya mafuta linaloitwa Al Shaheen. Ni majukwaa ya chuma yamesimama majini, usiku taa zinawaka, boti za kawaida haziruhusiwi kusogea. Wafanyakazi wa huko wakati wa joto walikuwa wakiona maumbo makubwa yakizunguka chini ya jukwaa, yana madoa meupe mgongoni. Mmoja wao akapiga picha, picha zikawafikia wanasayansi. Walikuwa potwe! Yule papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, asiyekula mtu, anayechuja maji kwa matamvua. Na hawakuwa wawili watatu. Kuna siku walionekana zaidi ya mia kwa pamoja. Wizara ya mazingira ya Qatar, kampuni ya mafuta na watafiti wakashirikiana, na mwaka 2013 ikachapishwa makala iliyoongozwa na David Robinson, aliyekuwa akisoma uzamivu kwenye tawi la Dubai la Chuo Kikuu cha Heriot-Watt. Ikaelezwa kwa nini potwe wanakusanyika pale: wanakula mayai ya samaki wa jamii ya jodari, yanayotapakaa juu ya maji wakati wa kutaga. Mayai hayo yalitambuliwa kwa vinasaba. Na mmoja wa walioandika makala hiyo ni Rima Jabado, yule yule wa soko la Dubai. Ulimwengu wa watafiti ni mdogo. Ukianza mahali wanakujua.

Jamaa zetu wa Mafia hapo wanacheka. Potwe! Kilindoni wavuvi wamekuwa nao tangu babu zao. Ni kweli, na huko Mafia nako watafiti walijifunza. Ilidhaniwa potwe wa Mafia wanakuja msimu wa kaskazi kula uduvi, kisha wanaondoka zao. Watafiti wakawafunga vifaa vidogo vinavyotoa mlio, na vipokezi vikazamishwa baharini. Mwaka 2015 wakatangaza majibu: wengi wao hawaendi popote. Wanasogea maji ya kina, macho ya mtu wa boti hayawafikii, lakini wapo mwaka mzima.

Na wanajuaje huyu ni potwe wa jana au mwingine? Hapa napapenda sana, naomba nikae kidogo. Madoa ya potwe hayafanani kwa wawili. Unampiga picha ubavuni, nyuma ya matamvua, na programu ya kompyuta inalinganisha mpangilio wa madoa. Hesabu zinazotumika zilitungwa kwanza na wanaastronomia, kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota. Mtu alizitengeneza akiangalia juu, wengine wakazitumia kuangalia chini ya maji. Binti wa Kilifi, ukiona hisabati inakuchosha, kumbuka kwamba potwe wa Mafia wanatambuliwa kwa hisabati.

Sasa nageuka upande mchungu kidogo. Nimesifu macho ya mvuvi na macho ya fundi. Je, macho peke yake yanakupa kazi? Yanakupa mshahara?

Twendeni Gombe, Kigoma. Kila mtu anamjua Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe. Alifika Gombe Julai 1960, hana hata shahada ya kwanza. Alikuwa katibu wa mwanasayansi Louis Leakey mjini Nairobi. Miezi michache tu, akamwona sokwe akichokoa mchwa kwa jani, na dunia ikatikisika. Hadithi hiyo inapendwa sana na vijana wasiopenda kusoma. Lakini wao husahau kipande cha pili: Leakey mwenyewe alimpeleka Cambridge kufanya uzamivu, kwa sababu alijua bila cheti watu hawatamsikiliza na fedha hazitakuja.

Na wako wengine wa Gombe ambao hawakupelekwa Cambridge. Wanaume kutoka vijiji vya kandokando ya ziwa waliajiriwa kuwafuata sokwe kutwa nzima, mlima kwa bonde, na kuandika kila kinachotendeka. Januari 1974, mmoja wao, Hilali Matama, aliona jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliandika: kundi la sokwe madume likavuka mpaka wa eneo lao, likamvamia dume mmoja wa kundi jirani, likampiga hadi kumjeruhi vibaya. Ndiyo ikawa mwanzo wa kile kilichokuja kuitwa vita vya sokwe wa Gombe, vilivyochukua miaka minne. Wanasayansi walikuwa wakiamini vita ni tabia ya binadamu peke yake. Aliyeshuhudia pigo la kwanza ni Hilali.

Mwaka uliofuata, Mei 1975, watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika usiku wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baadaye waliachiwa, lakini wanafunzi wa nje hawakuweza tena kukaa Gombe kama zamani. Utafiti ulikufa? Haukufa. Wale Watanzania waliendelea. Asubuhi wanatoka, jioni wanarudi na maandishi. Na maandishi hayo, wasikilizaji wangu, waliyaandika kwa Kiswahili. Moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani kuhusu maisha ya mnyama wa porini ina sehemu kubwa iliyoandikwa kwanza kwa lugha hii ninayozungumza nanyi, kisha ikatafsiriwa ili wasomi wa Marekani na Ulaya wapate shahada zao.

Nimesema wapate shahada zao, na sikusema kwa bahati mbaya. Kwa miaka mingi anayefuata sokwe aliitwa msaidizi, na anayekuja miezi mitatu kiangazi akaitwa mtafiti. Jina la msaidizi likawekwa kwenye shukrani, la mtafiti kwenye kichwa cha makala. Mimi sioni kwamba hiyo ni haki. Wengine watasema ndivyo sayansi ilivyo, mwandishi ni yule aliyechambua. Sawa. Lakini kuchambua kunafundishika, na swali ni nani anafundishwa.

Mambo yamebadilika, ingawa polepole. Dkt. Shadrack Kamenya, Mtanzania, alifanya kazi Gombe kwa miaka mingi akiwa mwanasayansi kamili. Na Dkt. Deus Mjungu, naye Mtanzania, alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2010 kwa utafiti wa uhasama kati ya jamii mbili jirani za sokwe wa Gombe, akarudi kuongoza utafiti huko huko. Kwa maneno mengine, kile alichokiona Hilali akiwa na daftari, Mtanzania mwingine akaja kukichambua akiwa na shahada.

Kwa hiyo mama wa Kilifi, mwambie binti hivi: daftari kwanza, lakini asiishie kwenye daftari. Vyote viwili. Mwenye macho bila cheti atafanya kazi ya watu wengine maisha yake yote. Mwenye cheti bila macho, hao nimewaona, wanaandika ripoti nzuri kuhusu mnyama ambaye hawawezi kumtofautisha na binamu yake.

Shule zipo. Mwaka 1963 kilifunguliwa chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, na kimesomesha wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika. Sokoine, Morogoro, wanafundisha shahada ya wanyamapori. Kenya ipo taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori huko Naivasha, na kwa mtu wa Kilifi, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko Mombasa, matatu moja tu. Biolojia bila shaka, lakini mimi ningesisitiza takwimu. Wengi wanaokwama kwenye uzamili hawakwamishwi na nyoka wala tembo, wanakwamishwa na majedwali.

Kuna jambo jingine vijana hawaambiwi. Miaka ya mwanzo utaambiwa ujitolee. Kujitolea miezi mitatu, ujifunze, ujulikane, hakuna ubaya. Kujitolea miaka mitatu huku unabeba mizigo ya watu na jina lako halionekani popote, hapo unatumiwa. Uliza mapema: nitafundishwa nini, na kazi ikichapishwa nitatajwa vipi? Uliza kwa adabu, lakini uliza. Na usichukue sampuli ya mnyama yeyote bila kibali. Wanaoshughulikia vibali, Tanzania ni COSTECH na TAWIRI, Kenya ni NACOSTI. Kibali kinachosha, najua. Lakini sampuli isiyo na kibali haichapishiki, na inaweza kukufikisha mahakamani.

Nanyi wenzangu mlio kazini huku Ghuba, walinzi, madereva, mafundi, wapishi wa kambi, msidhani mazungumzo haya ni ya watoto wa shule tu. Qatar ina nguva. Kwetu Kilwa, Mafia na Lamu nguva wamebaki wa kuhesabika, mtu anaweza kuvua maisha yake yote asimwone hata mmoja. Kwenye maji haya kati ya Qatar na Bahrain, mwaka 1986 mtafiti aliyekuwa akihesabu kwa ndege aliona kundi moja lenye nguva zaidi ya mia sita. Kasa ng'amba wanataga ufuo wa Fuwairit, na wakati wa kutaga ufuo unafungwa. Ukikuta kizuizi usikasirike, ndiyo sababu. Ndege wanaotoka Ulaya na Asia kwenda kwetu Afrika wanapita hapa, na mlinzi wa zamu ya alfajiri anawaona kabla ya profesa hajaamka. Kuna programu za simu kama iNaturalist na eBird zinazopokea picha na kumbukumbu za mtu yeyote, bure, na watafiti wanazitumia kweli. Ila tahadhari: piga picha panaporuhusiwa. Kama uko kwenye mtambo au eneo la serikali, omba ruhusa kwanza. Picha ya ndege haina thamani ya kupoteza kazi.

Muda unanibana. Mama, umeuliza ni kazi au ni matembezi. Jumamosi hii, binti akimaliza kazi za nyumbani, mpeleke kwenye bandari ya samaki, aende na mjomba au mtu wanayemjua pale, saa ile ngalawa zinaporudi. Awe na daftari la kawaida, penseli na si kalamu, maana wino ukipata maji ya chumvi unafutika. Aandike tarehe, jina la samaki kama wavuvi wanavyomwita, urefu, nyavu iliyomvua, na mahali. Kila Jumamosi, meza ile ile, hata siku ambayo hakuna kitu. Siku ya bure nayo aiandike. Akifika mwezi wa tatu bado anataka kwenda, mwambie baba aache kununa. Na akikuta papa asiyemjua, ampige picha ya ubavu mzima, kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, rula kando yake, na picha nyingine ya meno. Aniletee, nitamtafutia wa kumtambua.